Ruzuku ya kualika wasanii wa ziara: uzoefu wangu kama mwenyeji

Kwa wale wasiopenda maandishi marefu nawapa jibu mapema, nyota nne kati ya tano. Hela ipo kweli, inatoka kweli, ila inamlipa msanii, haikulipi wewe unayempokea, na ukiingia bila kulijua hilo utamaliza shoo watu wanashangilia huku akaunti ya kikundi inalia.

Sisi ni kikundi cha kujitolea, tunaendesha ukumbi mdogo wa jamii, na tuliomba ile ruzuku ambayo mfadhili anachangia ada ya wasanii walio kwenye ziara ili wapite na kwenu, sio waishie kwenye majumba makubwa tu. Mimi ndiye niliyekuwa naandika fomu na kutunza risiti kwa hiyo nimeiona kuanzia maombi mpaka ripoti. Mfadhili wetu simtaji, na masharti yao mengi utayakuta kwa wengine wa aina hiyo.

Tuanze na hela yenyewe maana ndo kila mtu anauliza. Ruzuku inafunika ada ya msanii, na sio yote, ni mpaka nusu. Nusu nyingine mnatafuta wenyewe. Huu mtindo wa nusu kwa nusu sio roho mbaya ya mfadhili wetu, ni desturi ya siku nyingi, ukiangalia Marekani ambako ruzuku za ziara ni nyingi, ule mfuko wao wa taifa wa sanaa, NEA, upo tangu 1965 na ruzuku zake kwa kawaida zinataka mwombaji alete kiasi kilekile kutoka kwingine, halafu asilimia 40 ya hela zake za ruzuku inashushwa kwa mashirika ya sanaa ya majimbo na yale 6 ya kanda kama South Arts na Arts Midwest, ambayo nayo ndo yanawasaidia wenyeji wadogo. Sasa sharti la juu linashuka na hela mpaka kwenye ukumbi wa mwisho kabisa wenye viti vya plastiki.

Hiyo nusu yenu itoke wapi? Kiingilio kinakubalika, mchango wa mfanyabiashara unakubalika, hela ya halmashauri mara nyingi inakubalika. Ambacho hakikubaliki ni kuchukua ruzuku nyingine iliyotoka kwenye mfuko uleule wa juu na kuiita mchango wenu, hapo wanakukamata kwenye bajeti tu hata hawafiki ukurasa wa pili. Na nguvu kazi ya watu wa kujitolea, hapa soma masharti kwa makini, wengine wanaihesabu wengine hawataki kuisikia. Wetu walitaka taslimu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nzuri ya masaa ya watu wetu wa getini na wapika chai, ikabidi niifute yote.

Na taa, saundi, fundi mitambo, mabango, walinzi, usafi, bima? Juu yenu. Hapa kuna kaujanja halali kabisa ambako afisa wa mfuko mwenyewe ndiye alituambia: mwambie msanii au wakala wake awape ada moja ya jumla ambayo ndani yake kuna usafiri, malazi na posho ya chakula. Ikishaandikwa hivyo kwenye mkataba inahesabika kama ada na ruzuku inaigusa. Mkiandikiana ada peke yake halafu hoteli mkalipa ninyi pembeni, hiyo hoteli imekula kwenu. Uliza kwanza kama mfuko wenu unaruhusu lakini uliza, watu wengi wanaacha hela mezani hapa.

Nyota moja niliyoikata ni kwa ajili ya hiki: hela inakuja nyuma. Unaleta msanii, unamlipa, unaandika ripoti, unaambatanisha risiti, ndio mfadhili anarudisha sehemu yake. Wakati huohuo wakala wa msanii anataka amana pale mnaposaini, mara nyingi nusu ya ada, na salio siku ya shoo kabla hajapanda jukwaani au akishashuka. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mmebeba ada nzima mabegani na barua ya ruzuku mkononi, na barua haimlipi mtu. Kikundi kisicho na akiba hapa kinakwama, na ndo vikundi ambavyo hii ruzuku inasema imewalenga, jamani hii mimi sijawahi kuielewa. Sisi tuliponea kwa sababu wakala alikubali kupunguza amana baada ya kuona barua ya mfadhili, na salio tukaazima kwenye akiba ya matengenezo ya paa. Kuna mifuko inayotanguliza sehemu ya hela baada ya kusaini, ukipata wa hivyo usilaze damu.

Niliposoma jinsi wanavyofanya vijijini Uingereza nikaona wivu kabisa. Kule kuna miradi ya ziara za vijijini, yenyewe inakaa na hela ya ruzuku, inatengeneza menyu ya maonyesho, watu wa ukumbi wa kijiji wanachagua wanachokitaka, mradi unaelewana na wasanii na kuwahakikishia ada yao, halafu ukumbi unachangia kutoka kwenye mauzo ya tiketi au kiasi walichokubaliana. Yaani watu wakiwa wachache, sehemu kubwa ya hasara inabebwa na mradi badala ya kamati ya kijiji. Kwetu ni kinyume, mfadhili mchango wake unajulikana haupandi, watu wasipokuja pengo ni letu.

Sasa raida. Kama hujawahi kualika msanii wa ziara, raida ni ule waraka unaoambatana na mkataba unaosema jukwaa liwe na upana gani, taa ngapi, spika za jukwaani za wasanii kujisikia, umeme wa kiasi gani, chumba cha kubadilishia nguo, maji, chakula, masaa ya kupakua vyombo na kufunga. Isome KABLA ya kusaini na kabla hata ya kuandika bajeti, maana kila mstari ni hela na hakuna hata mmoja unaolipwa na ruzuku. Sisi tulialika kundi la dansi na raida yao ilitaka sakafu inayodunda kidogo, sio mbao zilizolalia saruji, na hawaleti maringo, mchezaji anayeruka juu ya saruji usiku baada ya usiku anaumia magoti na vifundo na ziara inakufa njiani. Kukodi sakafu ya hivyo kungekula bajeti yote ya mabango. Tukawapigia, tukawatumia video ya jukwaa letu na vipimo, fundi wao akasema watakuja na mikeka yao ya kuchezea na wataondoa kipande kimoja chenye miruko mingi waweke kingine. Simu moja tu! Raida inazungumzika, mafundi wa ziara ni watu wa kuelewa sana ukiwaambia ukweli mapema, wanachochukia ni kufika saa nane mchana ndio wakute jukwaa lina nguzo katikati.

Cha pili ambacho kimeniokolea hela kuliko ruzuku yenyewe ni kuungana na wenyeji wengine. Msanii wa ziara ana gharama kubwa kwenye siku ambazo yupo njiani hafanyi shoo, dereva analipwa, vyumba vinalipwa, hakuna kinachoingia. Wenyeji watatu au wanne waliopo njia moja wakimchukua siku zinazofuatana, ada kwa kila mmoja inashuka kwa sababu zile siku tupu zimepata kazi na nauli imegawanywa. Mifuko mingi inalijua hili na inawapa kipaumbele waombaji waliojipanga hivyo. Sisi tulimpata mwenzetu mmoja tu ila hata hivyo ada ilishuka vizuri. Tatizo ni tarehe, kila ukumbi una harusi zake na mikutano yake, kupata wiki moja ambayo wote wapo wazi ni kazi ya simu na subira.

Kwenye fomu sina malalamiko makubwa. Wanataka kikundi kilichosajiliwa, sio mtu binafsi, ukumbi ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaingia, msanii anayetoka nje ya eneo lenu, na mkataba au walau barua ya makubaliano. Onesho lisiwe limeshafanyika kabla ya majibu kutoka, hawarudishi hela ya jana. Ombi linasomwa na paneli ya watu wasiowajua, kwa hiyo usiandike "jamii yetu inapenda sanaa", kila mtu anaandika hivyo. Eleza nani hasa atakuja na mtamfikishaje. Kwenye video ya msanii weka kipande kikali mwanzoni, wana maombi kibao.

Pia wanataka shughuli ya pembeni, warsha au kipindi cha shuleni, sio shoo peke yake. Wengine kwenye kamati yetu waliona ni mzigo, mimi naona ndo kitu cha maana kuliko vyote kwenye hii ruzuku, watoto waliocheza na wale wasanii asubuhi waliwaburuta wazazi jioni, tena wazazi ambao hawajawahi kukanyaga ukumbini kwetu. Ila iandikeni kwenye mkataba, saa ngapi, dakika ngapi, watoto wangapi. Msanii aliyesafiri usiku kucha halafu anaambiwa asubuhi kuna warsha ambayo hakuisaini, atakupa nusu saa ya kusalimiana na maswali.

Mkialika msanii kutoka nchi nyingine ulizeni habari ya kodi mapema kabisa. Nchi nyingi zinamtaka mwenyeji ndiye akate kodi kwenye malipo ya msanii mgeni, Marekani kwa kawaida ni asilimia 30 na Uingereza ni 20, na msanii asipoambiwa kabla atadhani mmemdhulumu. Viza nayo ianze miezi kabla.

Ripoti ya mwisho sio ngumu kama umetunza vitu: idadi ya waliokuja kwa tiketi na bure, risiti, mkataba uliosainiwa na pande zote, ushahidi kwamba msanii amelipwa, picha. Hesabuni watu mlangoni siku ileile, msije kukisia baadaye. Na nembo ya mfadhili iingie kwenye bango kabla halijaenda kuchapwa, kwa sababu wanataka nakala ya bango kwenye ripoti, na kwetu hela isingetoka bila hiyo nakala.