GAP kwa watu wa besi: nyota 4 kati ya 5

Kama uko hapa Kisumu unasoma grupu thiori, ile hesabu ya makundi, na bado unatafuta besi kwa kalamu, tafadhali weka GAP, programu ya kufanya hesabu za makundi, kwa laptopu. Ni ya bure kabisa, ilianzia Aachen kule Ujerumani mwaka wa 1986, na ukishaidaunlodi haitaki bando tena, mimi huitumia hata stima ikipotea Kondele nzima bora betri iko na chaji.

Kwa wenye wanaanza: pamutesheni ni njia ya kubadilishana nafasi za pointi, kundi ni mkusanyiko wa pamutesheni zenye ukifanya moja halafu nyingine bado uko ndani yake, na besi ni pointi unazochagua, ukizishikilia zote zisisogee hakuna pamutesheni ya hilo kundi inabaki ila ile haisogezi chochote. Sasa andika MathieuGroup(24), kundi moja la pamutesheni za pointi 24, uliza Size, yaani idadi ya pamutesheni zake, unapewa 244,823,040 saa hiyo hiyo. Halafu shikilia pointi moja moja na amri ya Stabilizer uone vile kundi linakonda, ukifika pointi 5 zimebaki pamutesheni 48 tu, ya sita inakuachia 3 ama 16 kulingana na ile umechagua, ya saba chukua yenye bado inasogea na kazi imeisha. Na usijaribu kubana besi hadi pointi sita, haiwezekani, kila pointi ina nafasi 24 tu za kwenda, na 24 ikizidishwa yenyewe mara sita ni 191,102,976, hiyo haifikii ukubwa wa kundi! Mimi hapo ndipo niliipenda hii programu kabisa, unaona hesabu ikitendeka mbele yako.

Nyota moja nimetoa kwa sababu amri ya BaseStabChain inakupa besi, sio lazima iwe ile ndogo kabisa, na wanafunzi wengi wanainakili tu kwa kazi yao hivyo. Chukua kundi linalotengenezwa na pamutesheni (1,2)(3,4,5)(6,7,8,9,10,11), yaani yenye inazungusha 1 na 2, halafu 3 hadi 5, halafu 6 hadi 11. Ukiiambia ianze na pointi 1 besi inakuwa na pointi mbili, ukianza na 6 hiyo moja inatosha. Kusema ukweli kutafuta ndogo kabisa ni shida ngumu yenyewe, mtafiti Blaha alionyesha 1992 kuwa ni NP-hadi, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuitatua kila mara, kwa hivyo silaumu waliotengeneza, lakini onyo lingeandikwa wazi hapo hapo kwa jibu.

Pia chunga herufi kubwa, size na Size ni vitu viwili, na ukisahau ile nukta-mkato mwishoni inakaa tu ikikungoja na alama ya > ukidhani imekwama.