Fundi wa redio wa komini ya Kenya na kaske ya baba yangu

Kaske ya baba, yaani vipokea sauti vya kuvaa masikioni, nimeirudisha nyumbani Jumamosi, ndani ya sanduku lake la kadibodi, nimeipakata toka soko la Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi) hadi mtaa wa Bel-Air. Dereva wa pikipiki nilimwomba mara tatu aende polepole kwenye mashimo. Wiki tisa ilikuwa kwa fundi. Naandika kwa ajili ya wachache wa hapa Lubumbashi wenye kaske za zamani za umemetuli, na pia kwa wenye redio za lampu (zile taa za kioo za kabla ya transista) na ampli, yaani vikuza sauti, nzito za miaka ya 1970 ambazo watoto wanataka kuzitupa. Huyu fundi, ambaye kwa heshima tunamwita Papa, anastahili kujulikana.

Kaske yenyewe ni Stax SR-5, pamoja na kisanduku chake cha umeme, SRD-7. Baba aliinunua alipokuwa anasoma Ubelgiji, akaileta Lubumbashi katikati ya mashati yake. Tulipokuwa wadogo ilikuwa marufuku kuigusa. Alipofariki mwaka 2003 mama aliiweka juu ya kabati, na ilishuka huko miaka minne tu iliyopita, mito ya masikio ikiwa imemeguka kama mkate mkavu. Hapo ndipo ugonjwa huu ulinishika. Sasa kwenye meza yangu ya cherehani huwa kuna kaske iliyofunguliwa karibu kila mwezi, pembeni ya nguo za arusi za watu.

Kwa asiyeijua: spika ya kawaida ina koni, koili ya waya na sumaku. Humu sumaku hamna. Kuna utando wa plastiki wenye unene wa mikromita moja au mbili hivi, wakati unywele wa mtu ni kama mikromita 70. Mimi nimezoea organza na tuli, lakini mbele ya utando huu organza ni gunia. Umepakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana, ukatandazwa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando unapewa chaji isiyobadilika, volti 230 kwa kaske za umri huu. Muziki wenyewe unatoka kwenye ampli pale pa kufungia spika, unapita kwenye transfoma za kile kisanduku, unapandishwa hadi mamia ya volti, ndipo unaingia kwenye mabamba. Bamba moja likiuvuta utando, la pili linausukuma. Utando ni mwepesi kiasi kwamba unasogea pamoja na hewa yenyewe, na ndiyo sababu kidole kikigusa uzi wa gitaa unasikia ngozi ya kidole kwanza, kisha uzi. Wajapani wa Stax walianza kuziuza mwaka 1960, na hadi leo wao hawaziiti kaske. Wanaziita spika za masikio.

Yangu ilikuwa na maradhi mawili. Sauti ya pande zote mbili ilikuwa imefifia, na sikio la kushoto lilikuwa chini zaidi, tena likipiga mluzi kila nilipoikandamiza kichwani. Kwanza nilihamisha nyaya: wa kulia nikaufunga kushoto, wa kushoto kulia, nyuma ya ampli. Sikio la kushoto likabaki chini vilevile. Basi kosa halikuwa kwenye ampli, lilikuwa mbele zaidi.

Nilianza na fundi mmoja wa mjini. Alichomeka multimeta yangu, kipimo cha umeme, kwenye tundu la chaji, ikasoma volti 138. Akasema transfoma imekufa, nilete dola 80 atafute nyingine. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni kubwa, kwa sababu transfoma ile huipati sokoni wala kwa jirani. Shangazi yangu ndiye aliyenitajia Papa wa komini ya Kenya, aliyekuwa akimtengenezea redio ya lampu tangu zamani.

Karakana yake ni chumba kimoja, mlango wa bati la kijani, televisheni za zamani zimepangwa hadi darini. Alikuwa hajawahi kuona kaske ya aina hii, na alinieleza hivyo kabla sijakaa. Lakini televisheni za mgongo amezifungua maisha yake yote, na volti za mle ndani ni maelfu. Aliponiona natoa kisanduku alitia mkono wa kushoto mfukoni, akakifungua kwa mkono mmoja. Baadaye aliniambia ndivyo walivyofundishwa: umeme ukikukamata kwa mkono mmoja utaungua kidole, ukipita toka mkono hadi mkono unapita moyoni.

Nilimweleza ile 138. Akauliza rezista, kile kipande kinachozuia umeme, iliyo mbele ya tundu ni ya ngapi. Tukaisoma: megaohmu 4.7. Akachukua multimeta yangu, akaigeuza, akasoma mgongo wake: megaohmu 10.

"Mama, mita yako nayo inakunywa. Ukiisha kupima, umekwisha kuiba."

Alichukua karatasi ya sigara akafanya hesabu. Umeme unapita kwenye 4.7, kisha unapita kwenye 10 ya mita, kwa hiyo mita inaonyesha sehemu 10 tu kati ya 14.7. Ile 138, ukirudisha kilichonywewa, ni kama volti 203. Halafu akapima umeme wa ukutani: 205 badala ya 220. Kisanduku hakina cha kusawazisha, umeme wa mtaa ukishuka na chaji ya utando inashuka nao. Nilikuwa nimeona mwenyewe kwamba saa moja jioni, watu wote wakiwasha majiko, muziki unapungua, nikidhani ni masikio yangu yamechoka.

"Haikufa. Iko na njala tu."

Kwa maneno hayo nilimwachia kisanduku bila wasiwasi. Alibadilisha kondansateri zote za upande wa chaji, zile wengine wanaita kapasita. Alikataa kutumia zilizotolewa kwenye televisheni mbovu ingawa anazo ndoo nzima. Alisema nazo ni wazee. Nililazimika kuagiza mpya za volti 630 kupitia shemeji anayepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hizo peke yake zilichukua wiki tatu. Tangu hapo nakiwasha nyuma ya regulateri, kisawazishi cha umeme. Mita yangu mlevi sasa inasoma 155 kwenye tundu, yaani volti 228 za kweli.

Sasa sikio la kushoto. Hapa ndipo nilijifunza zaidi.

Nilikuwa nimempelekea mwezi wa Agosti, kiangazi kimeshika, vumbi jekundu liko hadi ndani ya friji. Nilitaka aifungue siku ileile. Alikataa kabisa. Chembe moja ya vumbi ikiingia kati ya utando na bamba, chaji inapata daraja, na mluzi ni sauti ya daraja hilo. Nafasi yenyewe ni kama milimita 0.3. Alisema tungoje mvua za kwanza zilaze udongo. Nilikasirika, sitaficha, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kumsikilizisha mama siku ya kumbukumbu ya baba, na siku hiyo ilipita kaske iko mezani kwa fundi. Leo nasema alikuwa na haki. Lakini angeniambia siku ya kwanza kwamba kungoja kutafika Oktoba, nisingemwahidi mama kitu. Simu hapokei. Ukitaka habari lazima uende mwenyewe, na mimi nilienda mara nne.

Mvua ilinyesha usiku, kesho yake asubuhi akamtuma mtoto aniite. Alikuwa amemwagia sakafu maji, ametundika shuka lililolowa mlangoni, amevaa shati lisilotoa nyuzi. Mimi nilifunga kitambaa kichwani. Tulifungua sikio la kushoto pamoja: mikono yangu imezoea vitu vyepesi, macho yake yamezoea vitu vinavyoua. Tulikuta uzi mmoja mfupi wa sufu, labda wa kofia ya baba ya baridi ya mwezi wa Juni, umelala juu ya utando kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Niliuinua kwa brashi laini ya kupakia poda, sikuugusa utando. Mluzi ukaisha.

Sauti bado ilikuwa chini. Papa akatoa jaribio ambalo sikulijua: aliwasha kila kitu, akaacha muziki, kisha akachomoa waya wa chaji ukutani, ampli ikiendelea. Sikio la kulia liliendelea kuimba muda mrefu, likipungua polepole. La kushoto lilizama haraka. Maana yake chaji inavuja njiani. Tulipangusa kingo za fremu, pale utando unaposhikwa, kwa alkoholi safi na kijiti cha pamba, bila kukaribia dawa iliyo katikati, maana alkoholi inaweza kuiosha. Kisha tukaiweka karibu na taa ya joto kwa saa nzima, kwa sababu hewa ya mvua inalaza vumbi lakini inaleta unyevu, na unyevu nao unavujisha chaji. Tuliporudia jaribio, kushoto kulidumu karibu sawa na kulia.

Karibu, si sawa kabisa. Bado napindua kidogo sana kitufe cha mizani ya kushoto na kulia. Nilimwomba apake dawa mpya upande huo. Akakataa. Alisema ukipaka mmoja na kuacha mwingine utapata masikio ya watu wawili tofauti, na wa kulia bado ni mzima, kwa nini tumfanyie operesheni? Nimekubali. Siku utando wa kulia utakapochoka nitabadilisha tando zote mbili kwa wakati mmoja.

Alikataa ombi langu la tatu pia, na hili ndilo lililonifanya nimheshimu. Mimi nilitaka volti 580. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Stax walipandisha chaji kutoka 230 hadi 580 kwenye kaske zao mpya, na wapenzi wengi wanageuza visanduku vya zamani ili vifike huko, kwa sababu sauti inapanda. Papa aliuliza swali moja: hizo za 580 nafasi yake ni kiasi gani? Nikamjibu milimita 0.5. Na hii ya baba? 0.3. Akanyamaza, akanitazama, akaendelea kukaza skrubu. Watengenezaji wenyewe walipunguza hatari kwa umbo la plagi: ya zamani ina pini 6 na ya katikati haipati tundu kwenye soketi mpya ya pini 5. Mimi nilitaka kulipita lango hilo kwa chuma cha kulehemu. Pesa ya kazi hiyo angeweza kuichukua. Hakuichukua.

Mito nilishona mwenyewe kwa ngozi laini ya kondoo, kwani Papa hana mkono wa kazi hiyo na hakujidai. Msijaribu sponji ya godoro. Nilijaribu ya kwanza hivyo, hewa ikavuja pembeni na besi yote ikaondoka. Mshono uwe ndani, na pale unapokutana pawe nyuma ya sikio.

Mengine ya kulalamikia: hatoi risiti. Skrubu za masikio yote mawili aliziweka kwenye bakuli moja na moja haikuonekana tena, nimeweka nyingine isiyofanana. Na usitegemee kusikiliza kazi pale pale, baa ya jirani inaanza kelele saa nne asubuhi. Beba ampli ndogo, mwombe mlango wa nyuma, au kubali kupima nyumbani.

Jumla nililipa dola 45: 20 za kisanduku, 25 za sikio. Kondansateri zilikuwa juu yangu.

Nyumbani nilianza na mpiga gitaa wetu Jean-Bosco Mwenda, zile nyimbo ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Nawashauri wote wanaotengeneza kaske wazitumie. Rekodi za wakati ule ni za mono, masikio yote yanapata kitu kilekile, kwa hiyo gitaa lazima likae katikati ya paji la uso. Likiegea upande, kaske yako haijapona. Kabla ya Papa, Mwenda alikuwa amekaa ndani ya sikio langu la kulia kama mtu anayesubiri basi. Sasa amekaa katikati. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na naweza kuvitenganisha: gumba linashuka zito, cha shahada kinakwaruza kidogo kabla ya noti. Mama alivaa akiwa amesimama, akaomba kiti. Alisikiliza nyimbo tatu, bukari, ugali wetu, ikapoa mezani, na hakuna aliyemwambia kitu.

Anayetaka kwenda: ni komini ya Kenya, mlango wa bati la kijani nyuma ya soko, ulizia Papa wa televisheni. Jumapili hayupo. Kisanduku cha chaji anakipokea wakati wowote. Sikio lenyewe, kama linahitaji kufunguliwa, msimpelekee kiangazi, atawarudisha. Mimi nina kaske moja ya Stax aina ya Lambda, ya mteja wa komini ya Kampemba, inayomngoja, na leo mawingu ya upande wa Kasapa yamekuwa meusi tangu saa sita.