RetroArch: ilinisumbua wiki nzima, sasa haitoki kwenye kompyuta yangu

Nina miezi kama minane na RetroArch, programu ya kuchezea gemu za konsoli za zamani kwenye kompyuta, karibu kila wikiendi nacheza gemu za PlayStation ya kwanza, Sega na Super Nintendo, kwa hiyo naweza kuisemea. Nakwambia mapema kabisa: ni programu nzuri sana, ya bure, haina tangazo hata moja, ila ukiisakinisha ukitegemea ubofye tu gemu ifunguke utakata tamaa siku hiyohiyo, na wengi ndo hapo wanapoifuta.

Cha kwanza uelewe RetroArch yenyewe haichezeshi gemu yoyote, inabeba injini tu, yaani programu ndogo zinazoiga konsoli (kwenye menyu zinaitwa core), na injini unazipakua humohumo ndani kwenye menyu yake. Kila konsoli na yake: Snes9x ya Super Nintendo, Genesis Plus GX ya Sega, mGBA ya Game Boy Advance. PlayStation inazo zaidi ya moja, kuna Beetle PSX HW ambayo picha yake ni safi ila inataka mashine yenye nguvu kidogo, na PCSX ReARMed ambayo ni nyepesi hata laptopu ya zamani inaiweza.

Sasa balaa ni BIOS, ile programu ya ndani ya konsoli inayoiwasha. Siku ya kwanza kila gemu ya PlayStation niliyofungua kwa Beetle ilikuwa skrini nyeusi, basi, hakuna kitu. Nikabadilisha driva ya picha kutoka Vulkan kwenda gl, nikaifuta programu nikaisakinisha upya mara mbili, nikaanza kuilaumu kadi ya picha, kumbe shida ni jina la faili! Beetle inataka BIOS iliyotoka kwenye konsoli halisi na inaitafuta kwa jina, scph5500.bin kwa gemu za Japani, scph5501.bin za Marekani, scph5502.bin za Ulaya, kila moja kilobaiti 512, na zikae kwenye folda inayoitwa system. Yangu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa na mi natumia Linux, ambako herufi kubwa na ndogo ni majina mawili tofauti. Nikabadilisha jina tu, ikawaka na ule mlio wake wa mwanzo, aisee nilitulia nikausikiliza mpaka ukaisha. Kwa hiyo kabla hujahangaika na chochote fungua maelezo ya injini yenyewe, kuna orodha ya mafaili inayoyataka na inakuonyesha lipi lipo lipi halipo. Ningejua hilo ningeokoa siku nne.

BIOS na gemu unatakiwa uzitoe kwenye konsoli yako na CD zako mwenyewe. Emuleta yenyewe, yaani programu inayoiga konsoli kama hizi injini, haina kosa, mwaka 2000 mahakama ya rufaa huko Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix dhidi ya Sony kwenye kesi ya emuleta ya PlayStation, ila gemu bado zina wenyewe.

Ukishaitoa CD utapata faili la bin na la cue, fungua cue. Watu wanafungua bin afu wanalalamika gemu haina muziki, wakati cue ndo inayosema kila wimbo unaanzia wapi kwenye CD. Na ukibadilisha jina la bin lazima uifungue cue kama maandishi urekebishe na humo ndani. Mi zangu zote nimezigeuza kuwa CHD, aina ya faili lililobanwa, kwa programu ya chdman, inakuwa faili moja na nafasi inapungua. Gemu ya CD 3 kama Final Fantasy VII unaiandikia faili la m3u, yaani orodha ya maandishi tu, kila CD mstari wake, hapo kubadilisha CD katikati ya gemu hakusumbui.

Upande wa kusevu kuwa makini sana. F2 inahifadhi hali ya gemu palepale ulipo na F4 inairudisha, tamu mno, lakini sevu ya ndani ya gemu yenyewe ni kitu kingine, hiyo kwa kawaida inaandikwa kwenye diski ukifunga gemu. Nilicheza masaa mawili Super Nintendo nikisevu ndani ya gemu kila hatua, umeme ukakatika, yote yakaenda. Iliniuma kweli. Kuna seting ya kuandika sevu kila baada ya sekunde kadhaa, mi nimeweka 10. Na usitegemee F2 peke yake, ukiapdeti injini hali ya zamani inaweza kukataa kufunguka.

Sauti ikikwaruza, ucheleweshaji wa sauti huwa milisekunde 64, pandisha mpaka 128 uone. Gemu ikienda polepole kuliko unavyoikumbuka angalia toleo, za Ulaya nyingi ni Hz 50, yaani picha 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani ni 60. Zile kuta za PlayStation zinazotetemeka wala sio ugonjwa wa kompyuta yako, konsoli yenyewe ilikuwa inakata hesabu za nukta bila desimali, washa seting ya PGXP kwenye Beetle, inayorudisha hizo desimali, zinatulia.

Ila kilichonishika moyo ni picha. Kwenye gemu ya Sega ya Sonic ya mwaka 1991 maporomoko ya maji yalikuwa yanatoka mistari mistari ya wima, mi nikajua ni hitilafu, nimekesha natafuta dawa yake. Kumbe walichora hivyo makusudi, TV za chogo kwa ile kebo ya zamani zilikuwa zinaichanganya mistari mpaka maji yanaonekana kama kioo. Genesis Plus GX ina kichujio cha NTSC (mfumo wa TV za zamani za Marekani na Japani) kinachoiga kebo hiyo, nikakiwasha, mistari ikapotea, nikaona mawe nyuma ya maji kama nilivyoyaona utotoni.