Mgeni Getini: Kipi Ununue Kwanza kwa Jengo la Kupangisha

Majengo mengi ya kupangisha Dar es Salaam yana geti, mlinzi na kaunta buku. Mgeni anaandika jina, namba ya simu, anajaza "anakwenda: juu", anapita. Mwenyeji hajapigiwa, na safu ya saa ya kutoka iko tupu ukurasa mzima. Kabla ya kununua chochote, fungua daftari la wiki iliyopita uhesabu mistari yenye saa ya kutoka. Ikiwa haifiki nusu, tatizo lako ni kutojua nani bado yuko ndani, na kamera haitakuambia hilo.

Orodha hii ni ya jengo la nyumba 10 hadi 40 lenye geti moja, kuanzia kinachostahili pesa yako ya kwanza.

1. Kadi za namba, ubao wa misumari na hati ya mgeni

Ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo tunayoiweka juu bila kusita. Hesabu wageni walio ndani kwa pamoja saa yenye msongamano (mara nyingi Jumapili jioni), kisha zidisha kwa 1.5. Wakiwa 20, tengeneza kadi 30, na nyingine 5 za rangi tofauti kwa mafundi. Karatasi ngumu yenye lamineti ya maikroni 125 inatosha. Mwambie wa steshenari aache ukingo wa plastiki wa milimita 3 pande zote. Akikata sawa na karatasi, maji ya mvua na jasho huingia na kadi inafumuka.

Ubao unapigiliwa misumari yenye namba ndani ya kibanda cha mlinzi, kila kadi kwenye msumari wake. Mgeni akiingia anapewa kadi, akitoka anairudisha. Saa 4 usiku, msumari mtupu namba 14 unamwonyesha mlinzi kwamba kuna mtu hajatoka, hata kama daftari halijaguswa. Kadi ikipotea, futa namba hiyo moja kwa moja. Ukitengeneza nyingine yenye namba ileile, aliyeondoka na ya kwanza ana ufunguo wa geti lako.

Hati ni kitabu cha nakala mbili kama cha risiti. Mlinzi anampigia mwenyeji kwanza, anaandika jina, nyumba na saa, anampa mgeni nakala moja. Mwenyeji anasaini, mgeni anairudisha pamoja na kadi. Fundi aliyesema anakwenda B3 huku hati yake haina saini ana maswali ya kujibu.

Kitambulisho kitazamwe, kisishikwe. Kikipotea wakati walinzi wanabadilishana zamu, mzigo ni wako. Wala usiandike namba nzima ya NIDA: ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Katika daftari lililo wazi mezani, mgeni wa pili anasoma ya wa kwanza pamoja na simu yake, na tapeli amepata pa kuanzia. Tarakimu 4 za mwisho zinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka ukusanye kinachohitajika tu.

2. Kengele ya geti inayotumia laini ya simu

Mgeni anabonyeza namba ya nyumba, kifaa kinampigia mwenyeji popote alipo, naye anafungua kwa kubonyeza tarakimu. Hakuna kupasua kuta wala kuvuta waya kila ghorofa. Huharibikia pawili: salio kuisha, na umeme kukatika. Weka mtu mmoja wa kuongeza salio kwa tarehe maalumu, na betri ya volti 12, 7Ah (yaani inatoa ampea 7 kwa saa moja). Kitasa cha sumaku kinachokula ampea 0.5 kitamaliza betri hiyo kwa saa 14 kwenye hesabu ya karatasi; betri iliyochakaa haifiki huko. Kumbuka kitasa cha sumaku hufunguka umeme ukiisha. Cha ulimi kwa kawaida hubaki kimefungwa, kwa hiyo ndani lazima kiwe na mpini wa kufungua kwa mkono, la sivyo moto ukizuka watu wamenasa.

3. Programu ya wageni kwenye kishikwambi

Inafaa zaidi ofisi zenye wageni wengi. Muuzaji ajibu haya kabla hujalipa: inafanya kazi intaneti ikikatika? Ada ni kwa geti au kwa kila nyumba? Kumbukumbu zinafutwa baada ya siku ngapi, na unaweza kuzitoa ukihama? Kila mlinzi awe na namba yake ya siri. Wakitumia moja wote, hutajua nani alimruhusu nani. Kishikwambi kisichomwe na jua dirishani huku kikichajiwa kutwa. Betri huvimba na kioo kinanyanyuka.

4. Intakomu ya waya yenye picha

Hii ni kengele ya kuongea na mgeni huku ukimwona kwenye kioo ndani ya nyumba. Inunue wakati jengo bado linajengwa. Kwenye jengo lililokwisha, gharama kubwa ni fundi na plasta. Kengele ikilia lakini kitasa hakifunguki, mara nyingi waya ni mwembamba kwa umbali huo na volti zimeshuka njiani.

5. Alama za vidole

Ni za wapangaji na wafanyakazi. Mgeni wa mara moja hajasajiliwa, kwa hiyo atamwangukia mlinzi yuleyule mwenye kaunta buku.