Mashine ya kidole na saa za kujipangia: miezi saba baadaye

Nyota tatu na nusu. Utaratibu wenyewe ningeupa nne na nusu. Nyota moja nzima imeliwa na mashine.

Ofisini kwetu siku za lazima ni tatu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Hizo hazina mjadala, lazima uonekane. Kilichobadilika ni saa. Unaingia muda wowote kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, unatoka kati ya saa 9 alasiri na saa 12 jioni, mradi utimize saa nane, nusu saa ya chakula ikiwemo. Kuanzia saa 4 hadi saa 9 kila mtu awepo. Ukizidisha, unawekewa salio. Ukipungukiwa, unadaiwa, na hesabu hufungwa mwisho wa mwezi. Anayehesabu ni mashine ya kidole pale mlangoni pamoja na programu yake ya simu. Jina lake siliweki, maana sehemu ya lawama ni ya waliotufungia.

Mke wangu ni muuguzi. Wiki za zamu ya usiku hufika nyumbani saa 2 na nusu, na mtoto wa miaka minne huwezi kumwachia nyumba, kwa hiyo mimi sitoki mpaka nisikie geti. Wiki za zamu ya mchana yeye hupita kumwacha shuleni, mimi nawahi saa 1 ili saa 9 nikamchukue. Kabla ya hapo, miaka miwili nilifika ofisini saa 3 na ushee nikiwa na neno moja mdomoni: foleni. Foleni hata wakati wa likizo za shule, barabara nyeupe. Bosi alijua nadanganya, nami nilijua kwamba anajua, tukaishi hivyo. Siku ya kwanza niliyoingia saa 3:20 kihalali nilipanda ngazi taratibu, nikasalimia watu, kisha nikajikuta nimeshatoa simu niandike uongo wa siku hiyo. Nikairudisha mfukoni. Mtu ambaye hajawahi kuanza kazi kwa kuomba msamaha hawezi kujua raha ile.

Kasoro ya kwanza ni vikao. Mwaliko wa kikao cha saa 2 asubuhi ukiingia kwenye kalenda, utaratibu wote umekufa siku hiyo, na kwenye ripoti hakuna panapoonyesha kuwa umevunjwa. Tulilalamika, kalenda ikafungwa nje ya saa 4 hadi 9. Ikafungwa kwetu, wakuu wa idara wanaifungua wakitaka. Na wanataka.

Sasa mashine. Kusoma kidole inasoma upesi, na programu inakuonyesha salio lako palepale, kitu ninachokipenda sana. Shida ni robo saa. Ukipiga kidole saa 1:02, inaandika saa 1:15. Ukitoka saa 9:13, inaandika saa 9:00. Kuingia inavuta mbele, kutoka inavuta nyuma, na siku zote anayepunjwa ni mwenye kidole. Nilianza kuandika saa halisi kwenye kijitabu, na kwa siku 36 za ofisini nimekatwa saa 5 na dakika 12. Marekani kanuni za kazi zinaruhusu mwajiri kukadiria hadi robo saa iliyo karibu, ila kwa masharti kwamba kwa muda mrefu mfanyakazi asipoteze: dakika saba zikishuka, dakika nane zipande. Hii yetu haijui kupanda. Nilipouliza, fundi wa muuzaji alinionyesha kwenye simu yake ukurasa wa mipangilio: dakika 1, dakika 5, dakika 15. Mtu alikaa akachagua ya mwisho.

Matokeo yake, ukipita ukumbini saa 9:10 utakuta watu saba wameegemea ukuta, mikoba begani, wakitazama saa ya ukutani, wakisubiri itimie 9:15. Kompyuta zimeshazimwa. Hakuna anayefanya kazi yoyote. Robo saa mbili kwa siku zinaliwa na ukuta ule, moja asubuhi kwa kukimbizana na moja jioni kwa kusimama.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili si geni kiasi cha kukosewa. Mwaka 1967 kampuni ya kutengeneza ndege ya Bölkow, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa Messerschmitt-Bölkow-Blohm, huko Ottobrunn karibu na Munich, Ujerumani, iliwaachia wafanyakazi wake wachague saa za kuingia na kutoka kuzunguka muda ambao wote wapo. Wazo hilo linahusishwa na mwanauchumi Christel Kämmerer. Serikali ya Marekani imeliruhusu kisheria kwa watumishi wake, ambao wanaweza kuvusha salio hadi saa 24 kwenda kipindi cha malipo kinachofuata. Salio letu linafutwa tarehe ya mwisho wa mwezi, usiku wa manane, hata kama ulilipata jana yake.

Na kuna asiyeguswa na haya yote. Dada wa mapokezi zamani alifika saa 2, akaondoka saa 10. Sasa wa kwanza wetu anafika saa 1, wa mwisho anatoka saa 12, na mlango lazima uwe na mtu. Wiki tatu za mwanzo alikuwa yeye peke yake, kuanzia kufungua mpaka kufunga. Asubuhi moja nilimwambia kwa furaha zangu kwamba utaratibu huu umeniokoa. Akanitazama, akasema, "Kaka, nyie mmepewa uhuru, mimi nimepewa ufunguo." Sikuwa na jibu. Baadaye wakamletea mwenzake, wanapokezana, lakini saa zao zimepangwa na mtu mwingine kama zamani. Mama anayetufanyia usafi naye ana la kwake: sabuni zimemlainisha vidole, mashine inamkataa mara nne, mara tano, anajifuta kwenye kanga anajaribu tena, na kila jaribio ni dakika. Siku moja aliingia saa 12:58, ikamkubali saa 1:01. Robo saa ikaenda. Programu ina njia ya kutumia namba ya siri badala ya kidole. Hakuna aliyemwambia mpaka utaratibu ulipofika mwezi wake wa tano.

Kwa anayetaka kuinunua kwa ajili ya ofisi yake: nunua, lakini kabla ya kusaini omba uonyeshwe ukurasa ule wa mipangilio, uchague dakika 1 mbele ya muuzaji, na uulize namba ya siri inawashwa wapi. Kwetu ombi la kubadilisha liko mezani kwa rasilimali watu tangu mwezi uliopita.

Wiki hii mke wangu yuko zamu ya usiku. Kesho nitaingia saa 3:14. Nikichelewa kwenye ngazi nikafika 3:16, basi nitakaa chini ninywe maji mpaka 3:29, halafu ndiyo nipige kidole.