Waya wa mafuta wa pikipiki: kijaribu kichwa chake kabla hujalipa

Waya wangu wa mafuta, ule unaotoka kwenye gripu kwenda kufungua kabureta, ulikatika wiki sita tu baada ya kuununua. Haukukatikia ndani ya ganda wala kule kwenye kabureta. Nilipofungua nyumba ya mkono wa mafuta niliukuta umechanuka kama mswaki uliochakaa, zimebaki nyuzi tatu, na zilizokatika zote zimekatikia mahali pamoja: milimita moja chini ya kile kichwa cha chuma kinachokaa kwenye bomba la gripu. Nilikisukuma kichwa kwa ncha ya bisibisi. Hakikusogea. Kilikuwa kimekaba kwenye tundu lake kama kimegongwa kwa nyundo.

Hapo ndipo penye ugonjwa, na sijapata muuzaji hata mmoja anayepataja. Ukipiga mafuta, bomba linazunguka, na waya unatakiwa utoke kichwani umenyooka muda wote. Ili unyooke, kichwa lazima kigeuke kidogo ndani ya tundu lake. Kikiwa kinene kwa hata sehemu ya kumi ya milimita, hakigeuki, basi unaopinda ni waya, palepale shingoni, mamia ya mara kwa safari moja. Chuma ukikikunja na kukikunjua mahali pamoja, kitakatika tu. Tena hakikatiki chote kwa mpigo. Uzi mmoja hutangulia, unachomoza, unakwama kwenye nyumba, na mafuta yanabaki yamefunguka huku unaingia kwenye kona. Ikikufika hiyo, bana klachi na uzime injini kwa swichi ya kwenye usukani. Usipoteze muda kupigana na gripu.

Ndiyo maana siendi tena dukani na waya wa zamani peke yake. Nabeba na bomba la gripu lenyewe. Natia kichwa kipya kwenye tundu, kisha nakigeuza kwa kidole. Kinatakiwa kiingie chenyewe bila kusukumwa na kizunguke bila kukwaruza. Halafu naangalia shingo kwenye mwanga: nyuzi zote zimelala pamoja, hakuna uliojitenga, na lehemu haijapanda juu ya waya. Lehemu iliyopanda huufanya waya kuwa mgumu kama kijiti, na utakatika hapo ugumu unapoishia. Urefu na aina ya skrubu za kurekebishia unalinganisha na wa zamani, hilo kila fundi atakwambia.

Sasa chaguo zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni Venhill, na sifichi kwamba naipendelea. Ni nyaya za Uingereza. Zile wanazoziita Featherlight zina waya wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, na ganda lake lina bitana laini ndani, kwa hiyo mkono unakuwa mwepesi tangu siku ya kwanza. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wanauza hata vichwa na waya wa ndani peke yake, na wanatengeneza kwa urefu unaoutaka. Ukiwa umeinua usukani au una pikipiki ya zamani ambayo vipuri vyake vimeadimika, huko ndiko kwa kwenda. Wangu una miaka mitatu, na kila nikiufungua kichwa kinazunguka vilevile.

Namba mbili ni waya halisi wa kiwanda kilichotengeneza pikipiki yako. Kichwa kitaenea na urefu utakuwa sawa. Kinachonikera ni bei, kwa kitu ambacho ni waya, ganda na vichwa viwili.

Namba tatu ni kubadilisha waya wa ndani na kulehemu kichwa kipya, kama ganda la zamani ni zima. Kazi hii inamtaka fundi mwenye subira. Kichwa kizuri ni cha shaba ya njano, chenye tundu linalopanuka upande wa nje. Fundi huupitisha waya, akachanua ncha zake kama ua, akazirudisha ndani ya ule mpanuko, ndipo lehemu ikajaza. Waya ukivutwa, ncha zilizochanuka ndizo zinazoshika. Akikuchomelea waya ulionyooka tu, utachomoka. Na ile asidi ya kusafishia lazima ioshwe, la sivyo kutu itaanzia hapohapo.

Vichwa vya kubana kwa skrubu weka kimoja chini ya kiti, kikufikishe nyumbani. Skrubu inaziuma nyuzi, kwa hiyo ukifika kitoe.

Nyaya za bei rahisi zisizo na jina sizipangi kabisa. Ule uliokatika ulikuwa wa kundi hilo.

Ukishafunga, washa injini iwe inanguruma polepole, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Mngurumo ukipanda, waya umepita njia mbaya au umebana mno. Gripu iwe na mchezo kidogo kabla mafuta hayajavutwa, na kwa pikipiki nyingi ni milimita 2 hadi 6.

Nilimrudia muuzaji wangu na waya uliokatika pamoja na bomba, nikamwonyesha kichwa kilivyokaba. Alinijibu kwamba huo unaingia pikipiki zote, na kwamba mfuko ukishafunguliwa bidhaa hairudi. Mfuko wenyewe uliandikwa “original” bila jina la aliyetengeneza. Na kabla ya kuununua nilikuwa nimemwomba niufungue nijaribu, akakataa. Siku hizi nikikatazwa kufungua mfuko kwa ajili ya kujaribu kichwa, nauacha mezani nakwenda duka jingine.