Bukta ya laki saba kwenye milima ya Mbeya: ninacholipia na nisicholipia tena

Bukta ya baiskeli ya laki saba haijilipi kwa pesa. Naanza na hesabu kabisa, ili anayetafuta jibu fupi aondoke nalo.

Kwa daftari langu, bukta mpya ya elfu hamsini isiyo na lebo inayojulikana inafika safari 60 hivi kabla sponji ya kukalia iliyoshonwa ndani haijalala. Ya laki mbili inafika 250. Ya laki saba inafika 400, na hiyo laki saba ni baada ya kulipia usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Gawanya: shilingi 833 kwa safari, 800 kwa safari, 1,750 kwa safari. Kwa hiyo anayekwambia "nunua ghali, inadumu, utaokoa hela" hajashika kalamu. Rahisi ghali ni msemo wa kweli ukilinganisha ya elfu hamsini na ya laki mbili, tena kwa kijitofauti kidogo tu. Ukipanda juu ya hapo unanunua kitu kingine: saa ya tatu na ya nne ukiwa juu ya siti. Kama safari zako ni Mwanjelwa hadi Mbalizi na kurudi, hutaifikia hiyo saa ya tatu, na laki tano iliyozidi umeivaa bure.

Sasa kilichomo. Thamani yote ya bukta iko kwenye pedi, ile ambayo watu wa kijiweni wanaiita pampasi. Wengi wanaipima kwa unene, na hapo ndipo wanapopigwa. Pedi nene na laini inapendeza dukani na kwa nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo mifupa ya kukalia inaizamisha hadi chini, halafu sponji iliyobaki pembeni inapanda juu na kubana nyama laini zilizo katikati. Kufa ganzi sehemu za mbele kunaanzia hapo. Kinachobeba mwili ni uzito wa sponji kwa ujazo wake. Za bei ndogo mara nyingi ni kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Nzuri zina matabaka, na tabaka lililo chini ya mifupa hufika kilo 100 au 120, wakati pembeni linabaki jepesi na jembamba. Dukani huwezi kupima kilo, lakini una dole gumba. Bana pedi kati ya gumba na kidole cha shahada kwa sekunde tano, pale inapokaa mifupa. Ukihisi kidole chako upande wa pili kana kwamba katikati kuna kitambaa tu, rudisha. Kisha achia uangalie: sponji nzuri inarudi polepole na kwa ukamilifu, mbovu inabakiza kishimo.

Cha pili ni kingo za pedi. Za bei ghali hufinyangwa zikiwa kipande kimoja, na unene unapungua taratibu hadi ukingoni, unakuwa kama karatasi. Za bei rahisi ni vipande viwili au vitatu vilivyoshonwa, na mshono unapita ndani ya paja, mahali ambapo mguu unazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa saa. Kwenye mlima hali inakuwa mbaya zaidi. Ukitoka Uyole kupanda kuelekea Isyonje unakwenda kilomita 8 hadi 10 kwa saa, hakuna upepo wa kukupooza, jasho linashuka na kuishia kwenye pedi. Ngozi iliyolowa inakwaruzika kirahisi kuliko ngozi kavu. Mshono ambao tambarare ya Usangu usingeuhisi, huku unakuchubua kabla hujafika juu.

Habari njema ni kwamba lebo nyingi hazitengenezi pedi zenyewe. Elastic Interface ya Italia, kwa mfano, inauzia pedi lebo nyingi tofauti, za bei ya kati na za bei ya juu. Ndiyo maana bukta ya laki mbili inaweza kukaribia sana ile ya laki saba mahali panapohusu makalio. Ukiona jina la mtengenezaji wa pedi limechapishwa kwenye pedi yenyewe, hiyo ni taarifa ya maana kuliko jina lililoandikwa pajani. Kwenye Assos ya Uswisi, Castelli ya Italia au Rapha ya London, sehemu nzuri ya pesa inakwenda kwenye ukataji wa kitambaa, mikanda ya begani na jina. Ukataji una maana. Mikanda ina maana kubwa, kwa sababu inashikilia pedi isihame na inaondoa lastiki ya kiunoni inayokata tumbo ukiinama. Kasoro ya mikanda utaijua siku unataka kujisaidia kando ya barabara huku umevaa jezi na koti juu yake. Jina, basi tena.

Kwenye kitambaa soma asilimia. Polyamide (yaani nailoni) 80 kwa elastane (uzi unaovutika) 20 ni mchanganyiko mzuri wa kawaida. Polyester 90 kwa elastane 10 unalegea haraka na kubaki na magoti kama suruali ya shule. "Lycra" ni jina la biashara tu la elastane, kwa hiyo tangazo la "Lycra halisi" lisilotaja asilimia halijakwambia kitu. Saizi nayo inadanganya: za Ulaya zinakaa kama unavyojijua, nyingi za Asia ni ndogo kwa saizi moja au mbili. Bukta sahihi inakuvuta mbele ukisimama wima, kana kwamba ni fupi kifuani. Ikikukaa vizuri umesimama, ukiinama kwenye usukani itakunja mikunjo, na mkunjo ni kidonda kinachosubiri kilomita.

Usivae chupi ndani. Najua inashangaza, ila mshono wa chupi ukikaa kati ya ngozi na pedi, pedi ya laki saba inakuwa sawa na ya elfu hamsini.

Na kabla hujatuma pesa nje ya nchi, pima siti. Kalia kipande cha boksi la karatasi ngumu, kile chenye mikunjo ya ndani, juu ya ngazi ya saruji; nyanyua magoti kidogo, jikandamize, kisha inuka. Pima umbali kati ya katikati ya vishimo viwili na uongeze milimita 20 hivi. Huo ndio upana wa siti unaokufaa. Siti ikiwa nyembamba kuliko mifupa yako, hakuna bukta duniani itakayokusaidia, na siti iliyotumika ni bei ya chakula cha wiki.

Juu ya kiuno hesabu inabadilika kabisa.

Jezi ya bei ghali sijaona kazi yake huku. Polyester nyepesi ya elfu ishirini inakausha jasho vilevile. Angalia zipu tu, kwa sababu zipu inakufa kabla ya kitambaa, na uangalie mifuko mitatu ya mgongoni: weka chupa ya maji ya nusu lita kwenye mfuko wa kati na uruke mara tatu. Jezi ikishuka hadi makalioni, mifuko haina lastiki ya kutosha.

Kinachotesa nyanda hizi ni kuteremka. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni chini ya mita 600. Joto linabadilika kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo safari moja inakupitisha kwenye tofauti ya nyuzi saba au zaidi, kabla hujahesabu upepo wa spidi 50 unaokupiga kifuani ukiwa umelowa jasho la mlima. Barabara ya Chunya ni hivyohivyo: unapanda Kawetire ukitaka kuvua kila kitu, ukifika juu na kuanza kushuka meno yanagongana. Nguo inayotatua hili ni kizibao chepesi cha upepo, mbele kitambaa kisichopitisha hewa, nyuma wavu, kinachokunjika na kuingia mfukoni. Cha elfu ishirini na tano na cha laki mbili vinazuia upepo sawasawa, kwa kuwa kitambaa chochote kilichofumwa kwa kubana kinatosha. Wa zamani walitia gazeti chini ya jezi kabla ya mteremko, na bado linafanya kazi. Gazeti la jana, kurasa nne, kifuani tu.

Koti la mvua ndilo lililonigharimu zaidi na kunipa kidogo zaidi. Makoti ya bei ghali yana utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji haliingii, mvuke wa jasho unatoka. Yanauzwa kwa namba mbili, kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili, kwa milimita, na gramu za mvuke zinazotoka kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Chini ya milimita 10,000 usijisumbue. Tatizo ni kwamba mvuke unatoka tu pale ndani panapokuwa na unyevu kuliko nje. Njoo Tukuyu wakati wa masika, hewa yenyewe imelowa, na unapanda mlima: mvuke hauna pa kwenda. Dawa ya kufukuza maji iliyo juu ya kitambaa ikichoka, kitambaa cha nje kinalowa chote na utando unafungwa. Unalowa kwa jasho lako ndani ya koti la laki sita. Vumbi jekundu na matope ya Rungwe yanaichosha dawa hiyo haraka. Inaweza kuamshwa kwa joto dogo, pasi ya umeme kwenye alama ya chini kabisa na kitambaa cha pamba katikati, ikiwa lebo ya koti inaruhusu. Pasi ya mkaa usithubutu.

Kwa mvua ya Rungwe nimekubali kulowa. Nazuia upepo, navaa sufu chini. Koti la bei ghali naliheshimu Njombe na Makambako, kwenye manyunyu ya baridi yenye upepo ambapo hutoki jasho jingi na utando unafanya kazi yake. Hata huko hakikisha mishono ya ndani imefunikwa utepe, la sivyo maji yatapita kwenye matundu ya sindano.

Hiyo sufu usiinunue mpya. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa na SIDO fulana nyembamba za sufu zinauzwa bei ya chai na vitumbua, kwa sababu wengi hawazijui. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono uuchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, polyester inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Sufu ikilowa bado inatunza joto, na hainuki hata ukiirudia safari ya tatu.

Bukta nazo zinapatikana mitumbani, kwenye rundo la nguo za michezo, elfu nane hadi ishirini. Ivute kitambaa cha makalioni ukielekeza kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe fupi zimechomoza kama nywele, elastane imekatika, na atakayekufuata nyuma mlimani ataona mengi. Fanya jaribio la gumba. Silikoni ya pajani, ile inayoshika bukta isipande, ikiwa imeganda na kupasuka, si tatizo, fundi anaweka lastiki nyingine.

Kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, penye malori usiku na mchana, nguo ya maana kuliko zote ni kizibao cha bodaboda cha elfu tano. Rangi kali inaonekana mchana, mistari inayoakisi inaonekana usiku kwenye taa; moja haifanyi kazi ya nyingine. Kata kipande cha utepe unaoakisi ukifunge kwenye vifundo vya miguu. Kitu kinachopanda na kushuka dereva anakitambua haraka kuwa ni mtu.

Kufua ndiko kunakoua nguo hizi. Fua siku hiyohiyo, kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, na suuza mara tatu, maana mabaki ya sabuni kwenye pedi yanawasha kuliko jasho. Jiki inakula elastane. Dawa ya kulainisha nguo inaziba utando wa koti na vinyweleo vya kitambaa. Usikamue kwa kusokota. Kunja ndani ya taulo ukanyage. Anika ndani-nje, kivulini penye upepo, na pedi ipate jua nusu saa mwishoni. Kipindi cha mvua pedi inachukua siku mbili kukauka, kwa hiyo bukta mbili za laki mbili ni bora kuliko moja ya laki saba hata kwa sababu hiyo pekee. Mafuta ya mgando usipake kwenye pedi, hayatoki. Paka kiasi kidogo kwenye ngozi, au tumia krimu inayooshwa kwa maji.

Pedi ikilala na kitambaa bado kizima, usitupe. Pedi tupu zinaagizwa bila bukta. Mpe fundi cherehani na masharti matatu: sindano ya vitambaa vya kuvutika yenye ncha butu, uzi wa polyester, na mshono wa zigizaga wa upana wa milimita 3, kwani mshono ulionyooka unakatika mara ya kwanza ukikalia siti. Kabla hajafumua ya zamani, achore mzunguko wake kwa chaki upande wa nje. Pedi ikirudishwa sentimita mbili mbele au nyuma ya hapo ilipokuwa, mifupa inakaa ukingoni.